Lua Ndani ya Wikipedia

Kwa miaka mingi mhariri wa Wikipedia ya Kiingereza aliyetaka kigezo chake, yaani kipande cha maandishi kinachoitwa ndani ya kurasa nyingi, kitambue herufi ya pili ya neno hakuwa na njia ya moja kwa moja. Lugha ya vigezo, ile ya mabano mawili ya kupinda, haikuwa na amri ya kukata neno. Ilikuwa na amri iitwayo padleft, iliyowekwa kwa ajili ya kujaza sifuri mbele ya namba ili 7 iandikwe 007. Kuna waliogundua kwamba ukiacha nafasi ya namba wazi, ukataja urefu wa 1, na mahali pa sifuri ukaweka "Mombasa", unarudishiwa M. Ukitaja urefu wa 2 unarudishiwa Mo. Herufi ya kwanza ikawa imepatikana. Ya pili ilitafutwa kwa kuunganisha M na kila herufi ya alfabeti, Ma, Mb, Mc, Md, na kulinganisha kila jozi na Mo mpaka moja ioane nayo. Urefu wa neno nao ulipimwa kwa hila za namna hiyo. Juu ya vigezo hivyo vikajengwa vingine, na juu ya hivyo vingine tena.

Kazi ile ilihitaji akili kubwa, na walioifanya walikuwa watu wa kujitolea. Aliyebeba mzigo wake ni seva. Wikipedia inaendeshwa na MediaWiki, programu iliyoandikwa kwa PHP. Kila kigezo kinapoitwa, PHP hukisoma, huweka thamani mahali pake, kisha hukagua kama ndani yake mna vigezo vingine, nayo huanza upya kwa kila kimoja. Makala yenye tanbihi mia tatu huita kigezo cha tanbihi mara mia tatu, na kila mara hupimwa masharti kadhaa wa kadhaa: mwandishi ametajwa? Tarehe ipo? Kuna anwani ya tovuti? Makala kubwa zilichukua sekunde nyingi kutayarishwa, nyingine zaidi ya kumi. Msomaji wa kawaida hakuyajua hayo, maana yeye hupewa nakala iliyokwisha kuhifadhiwa. Aliyeumia ni mhariri, anayesahihisha koma moja, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, kisha akakaa kusubiri.

Mambo yalifika hapo hatua kwa hatua. Mwaka 2006 Tim Starling, mtaalamu wa programu kutoka Australia, aliongeza kwenye MediaWiki kiambatisho kilichoipa lugha ya vigezo amri halali za masharti na hesabu. Alifanya hivyo kwa kuwa wahariri walikuwa tayari wanaunda masharti kwa hila, na hila zile zilikuwa nzito kuliko amri yenyewe. Wahariri wakapokea, kisha wakaomba na amri za kukata maneno. Ombi hilo lilikaa miaka bila kukubaliwa kwenye Wikipedia, kwa hofu kwamba lugha iliyobuniwa kwa ajili ya kuandikia makala ingegeuka kuwa lugha ya programu, tena mbovu. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Ila kukataa hakukuzuia kitu; padleft ni ushahidi. Watumiaji wakishaanza kuandika programu ndani ya programu yako, suala la kuwaruhusu au kuwakataza limekwisha kupita. Lililobaki ni kuamua wataandika kwa lugha gani, na ndani ya mipaka gani. Naliona hilo kuwa ndilo jambo kubwa katika habari yote ya kuendesha skripti za lugha moja ndani ya tovuti iliyoandikwa kwa lugha nyingine, na ndiyo maana sura hii inakaa na Wikipedia kwa muda mrefu.

Wazo lenyewe ni la zamani karibu sawa na tovuti zenyewe. Mwaka 1993, katika kituo cha NCSA kule Illinois, Marekani, uliwekwa utaratibu ulioitwa CGI. Seva ya tovuti ikipata ombi, inaanzisha programu nyingine pembeni, iwe ya Perl, ya C au ya ganda la Unix, inaipa habari za ombi, inasubiri maandishi yatakayotoka, kisha inayatuma kwa kivinjari. Uzuri wake ni kwamba seva haijali lugha. Ubaya wake ni kwamba kila ombi linazaa mchakato mpya unaoanza tangu mwanzo, na ombi likijibiwa mchakato unakufa. Tovuti ikipata wageni wengi kwa wakati mmoja, mashine inatumia nguvu zake kuzaa na kuzika.

Ubaya mwingine ulijificha kwa muda mrefu zaidi. CGI hupitisha habari za ombi, kama vile jina la kivinjari, kupitia vigeugeu vya mazingira. Bash, ganda linalotumika kwenye Linux nyingi, lilikuwa na tabia ya kukagua vigeugeu hivyo linapoamka: likikuta kimoja kinachoanza na alama za tendo, yaani mabano mawili na bano la kupinda, lilikihesabu kuwa tendo na kukipokea. Kosa lilikuwa kwamba halikuishia pale tendo lilipoishia. Liliendelea kusoma na kutekeleza chochote kilichofuata. Hivyo mtu aliyejitambulisha kwa seva kwa jina la kivinjari lililoanza na alama zile, likafuatiwa na amri, aliweza kuitekeleza amri hiyo kwenye mashine ya mwingine. Stéphane Chazelas aliligundua kosa hilo, likatangazwa Septemba 2014 kwa jina la Shellshock. Lilikuwa ndani ya Bash tangu 1989, kabla tovuti ya kwanza haijawekwa. Wengi waliopatwa hawakuwa wameandika hata mstari mmoja wa Bash. Programu zao zilikuwa za Perl au za lugha nyingine, ila mahali fulani ziliita amri ya mfumo, na amri ya mfumo ikaamsha ganda.

Somo hilo linamhusu moja kwa moja kijana anayejenga tovuti ya PHP leo na ana hesabu zake nzuri zimeandikwa kwa Python. Njia anayoiona kwanza ni shell_exec: anaunganisha neno python, jina la faili, na kile alichoandika mtumiaji kwenye fomu, kisha anaikabidhi sentensi nzima kwa ganda. Mtumiaji akiandika jina lake, mambo yanakwenda. Akiandika jina, nukta-mkato na amri ya kufuta mafaili, ganda litatii yote mawili, kwa kuwa kwake nukta-mkato ndio mwisho wa amri moja na mwanzo wa nyingine. Tangu PHP 7.4, iliyotoka 2019, proc_open inakubali amri iliyogawanywa vipandevipande ndani ya safu: programu peke yake, faili peke yake, thamani peke yake. Kwenye Linux ganda haliitwi kabisa, na nukta-mkato inabaki kuwa nukta-mkato. Asiyejua hilo na alijue leo.

Lakini kijana huyo ana nafuu moja: faili la Python ameliandika mwenyewe. Wikipedia ilikuwa na mtihani mgumu zaidi. Skripti zenyewe zingeandikwa na yeyote, kwenye ukurasa unaohaririwa na yeyote, kisha zitekelezwe kwenye seva zilezile zinazohudumia moja ya tovuti zinazosomwa sana duniani. Kwa hiyo haikutosha kusafisha kinachoingia kwenye skripti. Skripti yenyewe ilipaswa kuchukuliwa kuwa ya mtu usiyemjua.

Zilipimwa njia kadhaa. JavaScript ilikuwa na watetezi, maana wahariri wengi waliijua. Victor Vasiliev alikuwa tayari amejaribu kutunga lugha ndogo maalumu iliyotekelezwa na PHP yenyewe. Iliyochaguliwa ni Lua, na sababu zake zinatupeleka Rio de Janeiro.

Lua ilizaliwa 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, mikononi mwa Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Kundi lao la utafiti, Tecgraf, lilikuwa likilihudumia shirika la mafuta la Brazili, Petrobras. Kwa miaka kabla ya hapo Brazili ilikuwa imezuia kwa sheria uagizaji wa kompyuta na programu kutoka nje, na wateja wa Tecgraf walikuwa wamezoea kutengenezewa vifaa vyao nyumbani. Wahandisi wa Petrobras walihitaji lugha ndogo ya kueleza data na kurekebisha programu kubwa bila kuzifumua. Tecgraf ilikuwa na lugha mbili kama hizo, DEL na SOL, kila moja ikiwa na upungufu wake, na Lua ikachukua mahali pa zote mbili. Tangu siku ya kwanza haikukusudiwa kusimama peke yake. Ilitengenezwa kama injini ya kupachika nyuma ya mashua: mashua ni ya mwingine, mwelekeo ni wa mwingine, yenyewe inaleta nguvu na inang'olewa ikihitajika.

Tabia hiyo imeingia mpaka kwenye kiini chake. Programu mwenyeji inapoifungua Lua, huipa tendo la kugawia kumbukumbu. Kila Lua inapotaka baiti moja zaidi, inamwomba mwenyeji kupitia tendo hilo, naye anaweza kukataa. Vilevile mwenyeji anaweza kuweka ndoana ndani ya Lua inayokatisha kazi katikati. Lua haina njia yake ya siri ya kugusa diski au mtandao. Ina maktaba za hiari, na mwenyeji asipozifungua, hazipo. Ni lugha chache zilizoandaliwa kunyimwa vitu kwa urahisi kiasi hicho, na kwa mtu anayetaka kuendesha msimbo wa watu asiowajua, urahisi wa kunyima una thamani kuliko wingi wa maktaba.

Kiambatisho kilichoiingiza Lua kwenye MediaWiki kinaitwa Scribunto, na kilifunguliwa kwa Wikipedia za lugha zote Machi 2013. Kinaweza kufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza inafanana na ile ya kijana wetu wa Python: PHP inaanzisha Lua kama mchakato wa pembeni kwa proc_open, na wawili hao wanaandikiana kupitia bomba. Ni njia ya wiki ndogo, za shule au za ofisi. Anayekodi nafasi kwenye seva ya pamoja huikwaa mapema, kwa sababu wenye seva mara nyingi wamezima proc_open, au faili la Lua lililokuja na kiambatisho halina ruhusa ya kutekelezwa. Kwa tatizo la pili dawa ni amri moja ya chmod. Kwa la kwanza mara nyingi hakuna dawa isipokuwa kuhamia seva nyingine.

Njia ya pili ndiyo ya Wikipedia yenyewe. Inaitwa LuaSandbox, nayo ni kipande cha msimbo wa C kinachoiingiza Lua ndani ya mchakato uleule wa PHP. Hakuna bomba, hakuna kuzaliwa wala kufa kwa michakato. PHP inashika tendo la kumbukumbu, inashika na saa. Ukurasa mmoja hupewa sekunde 10 za kichakataji kwa ajili ya Lua, na kumbukumbu ya megabaiti 50. Muda ukiisha, ndoana inavutwa, na mahali pa jedwali lililotarajiwa msomaji anakuta maandishi mekundu ya kosa. Sehemu ya makala isiyotegemea Lua inabaki salama.

Maktaba ya kufungua mafaili imeondolewa yote. Katika ile ya mfumo wa uendeshaji yamebaki matendo manne tu ya tarehe na saa. Hata print imeondolewa. Kuna katazo jingine ambalo waandishi wageni hulishangaa: kila mwito wa moduli, yaani ukurasa wenye msimbo wa Lua, unaanza ukiwa mtupu. Ukihifadhi hesabu kwenye kigeugeu cha jumla katika mwito wa kwanza, mwito wa pili kwenye ukurasa huohuo hauikuti. Wahariri wamelalamikia jambo hilo mara nyingi, maana wanataka, kwa mfano, picha zijihesabu zenyewe kuanzia juu ya ukurasa hadi chini. Nadhani waliolikataza walikuwa na haki. Iwapo mwito mmoja unaweza kubadili matokeo ya mwingine, basi mpangilio wa vipande unakuwa sehemu ya programu, na haiwezekani tena kutayarisha kipande kimoja cha ukurasa peke yake bila kurudia vyote vilivyokitangulia.

Mpakani, pale data inapovuka kutoka PHP kwenda Lua na kurudi, ndipo penye makosa madogo yanayosumbua. Safu za PHP huhesabu kuanzia 0, majedwali ya Lua huanzia 1. Kwa Lua, neno ni mfululizo wa baiti tu, haijui herufi. Iandikie "ng'ombe" kwa kituo cha juu cha kawaida cha kibodi, uiulize urefu, itakujibu 7, na utaridhika. Sasa nakili neno hilohilo kutoka kwenye hati iliyopambwa na programu ya kuandikia, ambayo imegeuza kituo kile kuwa alama ya kupinda, ’. Itakujibu 9, kwa sababu alama hiyo moja huchukua baiti tatu katika UTF-8. Ukikata neno katikati ya baiti hizo, ukurasa unaonyesha kisanduku kisichosomeka. Ndiyo maana Scribunto ina maktaba ya pili ya maneno, mw.ustring, inayohesabu herufi badala ya baiti. Hiyo inajibu 7 kwa hali zote mbili. Ni ya polepole kuliko ile ya asili, lakini kwa anayeandika Kiswahili, chenye ng' katika maneno ya kila siku, hakuna hoja ya kasi inayotosha kuiacha.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, iliipokea Lua pamoja na nyingine zote, na hapo ikaonekana shida ambayo haikuwa ya mashine. Moduli nyingi huandikwa kwanza kwenye Wikipedia ya Kiingereza, kisha wiki nyingine hunakili. Moduli ya tanbihi hukagua tarehe ili mtu asiandike 31 Juni. Ikinakiliwa kama ilivyo, inajua August wala haijui Agosti. Mhariri anaandika "12 Agosti 2010", tarehe iliyo sahihi kabisa, naye anapewa onyo jekundu. Waandishi wa moduli hiyo waliliona tatizo, wakayatenga maneno yote, majina ya miezi na ujumbe wa makosa, kwenye ukurasa wa mipangilio ulio mbali na msimbo. Anayetafsiri anafungua ukurasa huo mmoja tu. Utengano huo unafaa kuigwa na kila anayeandika skripti itakayoishi ndani ya tovuti ya watu wengine, kwa sababu atakayeitumia huenda asijue hata jina la lugha iliyoandikiwa.

Gharama zilikuwepo pia. Mwaka 2014 Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, ilipohamisha seva zake kutoka PHP ya kawaida kwenda HHVM, injini iliyotengenezwa na Facebook, kile kipande cha C kilichounganisha PHP na Lua kilihitaji kazi ya ziada ili kikubalike kwa mwenyeji mpya. PHP ya makala ilihama. Lua ya wahariri ilihama. Kiungo kati yao ndicho kilichotoa jasho. Na Lua yenyewe imebaki toleo la 5.1, la mwaka 2006. Toleo la 5.2, la mwishoni mwa 2011, liliondoa matendo ambayo Scribunto inayategemea katika kujenga uzio wake, na sasa kuna maelfu kwa maelfu ya moduli kwenye wiki mbalimbali zilizoandikwa kwa toleo la zamani, nyingi zikiwa za watu ambao hawahariri tena. Ukifungua mlango kwa lugha ya pili, unaweka ahadi ya kuitunza kwa muda ambao hukuupanga.

Baada ya Lua, Wikimedia imejaribu njia iliyo mbali zaidi. Wikifunctions, iliyoanzishwa 2023 kutokana na pendekezo la Denny Vrandečić, ni maktaba ya matendo yanayoandikwa kwa Python au JavaScript, tena na yeyote. Hapa lugha ngeni haikai ndani ya PHP. Msimbo unatekelezwa kwenye huduma tofauti, nyuma ya uzio wa WebAssembly, na kinachorudi kwa MediaWiki ni matokeo tu. Gharama ya safari hiyo ni muda. Faida yake ni kwamba skripti ikikwama, inakwama mbali na seva inayotayarisha makala.

Tendo moja linaweza kuandikwa mara kadhaa, mara kwa Python, mara kwa JavaScript, mara kwa kuunganisha matendo mengine yaliyopo. Mfumo hupima kila andiko kwa majaribio yaliyowekwa kwenye ukurasa wa tendo hilo, na kati ya yanayofaulu hulitanguliza lenye kasi. Kwa lugha yenye ngeli kama yetu, majaribio hayo ndiyo kazi kubwa. Tendo la kuunda wingi wa nomino za Kiswahili litaandikwa na mtaalamu wa Python kwa alasiri moja, nalo litakosea, kwa sababu ataona u ikiondoka kwenye ufunguo na kuacha funguo, akadhani na uso utakuwa so. Jaribio linalodai nyuso linaweza kuandikwa na mwalimu wa Kiswahili asiyejua Python wala JavaScript: anajaza neno la kuingia, anajaza neno linalotarajiwa kutoka, anahifadhi.